Mkono Wenye Udongo

Jumapili, 2 Novemba

Kompyuta imekufa. Jana ilikuwa inapakua mambo yake mapya, chaji ikaisha katikati. Leo ni skrini nyeusi na maandishi meupe. Ulrich, ninayekaa naye hapa ughaibuni, Wheaton, ndiye aliyeniwekea mfumo wa Linux — eti Windows inaelemea mashine kuukuu. Kumbe!

Ndani kuna video ya mazishi ya baba. Nakala nyingine hakuna; simu iliyoirekodi iliibwa huko nyumbani Uvira. Sijaitazama hata mara moja. Nilikuwa nangoja siku isiyo na kazi. Jumapili ijayo wanaondoa matanga, ukoo utanipigia niseme neno. Mimi mwana wa kwanza ndiye niliyepaswa kutupa udongo wa kwanza kaburini. Nani alitupa badala yangu? Nikimuuliza dada Goretti, ananijibu: si una video, angalia mwenyewe.

Leo niliibeba kompyuta kanisani nimuulize fundi wa spika, kimyakimya. Ulrich akainuka akatangaza! Nikaitwa mbele, wakaiwekea mikono kompyuta. Mchungaji akaipaka mafuta hadi kwenye vitufe. Aibu.

Jumatatu, 3 Novemba

Kazini tumebomoa kuta, Fairfax, kutwa nzima. Vumbi hadi kwenye meno.

Ulrich kasema niandike jina langu, halafu nywila. Jina likaonekana. Nywila — hakuna kitu! Nikagonga vitufe mpaka vidole vikauma. Nikasema ni yale mafuta. Ulrich akacheka mpaka akakaa chini.

"Mzee Anatoli, nywila inajificha! Ndivyo ilivyo!"

Ungeniambia lini, mpumbavu wewe? Tukaingia. Maandishi matupu, hakuna picha. Naye hajui zaidi ya hapo.

Jumanne, 4 Novemba

Ulrich kaniandikia swali mtandaoni, kwa mafundi wa Linux. Wa kwanza: soma kwanza ndipo uulize. Wa pili: umeiharibu mwenyewe. Wa tatu kanipa amri fupi ya kuandika, na kicheko pembeni. Nilishaanza kuiandika! Chini yake mwingine akaonya: usithubutu, hiyo inafuta kila kitu.

Mtu hanijui, sijamkosea, anataka kumzika baba yangu mara ya pili. Kwa mzaha.

Alhamisi, 6 Novemba

Kazi. Mgongo. Goretti kapiga, sikupokea.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika kwenye simu, chooni kwa watu. Niko mji wa Falls Church, kwa Mwita, Mtanzania anayefanya kazi za kompyuta. Nilidhani tutakuwa watatu. Kumbe ni birthday ya mtoto wake! Sebule imejaa — pilau, maputo, makelele.

Mwita ni mtu mwema, sikatai. Kaiwasha kompyuta kwa flashi yake, mafaili yangu yote yakatokea. Skrini yangu hafifu, kaiunganisha na TV.

"Kaka, vitu vyako viko salama. Ngoja nijaribu moja kama inacheza."

Sijafungua mdomo, keshabonyeza.

Jeneza la baba kwenye TV, katikati ya maputo! Wageni wakageuka. Honorata, mke wa Mwita, akazima muziki. Jamaa mmoja, paja la kuku mdomoni, akasogea aone vizuri. Jeneza likateremka. Mkono ukachota udongo. Uso hauonekani, aliyerekodi kakata kichwa. Lakini saa naiona. Ile ya mkanda wa buluu niliyomtumia baba Krismasi. Baba hata hajafunikwa, mtu keshaivaa!

Nikapiga kelele: simamisha! Nikakimbilia huku.

Nawasikia. Ulrich anawaeleza watu habari zangu zote. Honorata anamwambia anyamaze. Mtu anauliza kama keki inaweza kukatwa. Ptu!

Mwita anagonga, polepole.

"Kaka Anatoli, niendelee? Au nikunakilie tu, uende nayo?"

Mkono ule bado umeganda kwenye TV, udongo haujaanguka. Kesho watanipigia. Na aliyevaa saa atakuwa amekaa palepale, ananisikiliza nikisema neno.

Anagonga tena.