Ndevu za Shavu la Kushoto

Jumatatu, 9 Julai 2001

Upepo tangu alfajiri. Vumbi hadi ndani ya kopo la sukari.

Nimekwenda hospitali na Anuari, mtoto wa marehemu dada yangu Kudra. Kuna daktari mgeni amekuja wiki mbili kushughulikia makovu ya moto. Anaitwa Charles, Mwingereza mfupi, vidole kama vya fundi saa. Kiingereza cha Anuari kinatosha kuhesabia magunia tu, kwa hiyo nimekwenda kumtafsiria. Miaka ishirini na tisa nilikuwa mkalimani wa mahakama. Sijisifu — lakini hakuna hakimu aliyewahi kuniambia nimeruka neno.

Shavu lake la kulia lina ndevu nzito. La kushoto lina kovu la ukubwa wa kiganja, linang'aa, halioti kitu. Kibaigwa, anakofanya udalali wa mahindi, wenzake wanamwita Robo Tatu. "Robo Tatu, na gunia lako nalo ni robo tatu?" Anacheka nao. Akija kwangu hukaa upande wa ukuta, kovu lisionekane na anayeingia. Harusi yake na Mishi ameiahirisha mara mbili. Mishi mwenyewe hajauliza habari za ndevu hata siku moja. Ni yeye. Anasema hatakaa mbele ya watu wa Kondoa na uso usiokamilika.

Mwaka 1975 karabai ililipuka nyumbani kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa naipiga pampu, kitabu mapajani, macho kwenye ukurasa. Anuari alikuwa kando yangu, ana miaka saba. Nimeliandika. Sitalirudia.

Daktari ameeleza kazi yake. Anakata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni. Wauguzi wanauchambua chini ya lenzi, unywele mmoja mmoja na mzizi wake. Kisha anaupanda shavuni katika kitundu kilichotobolewa kwa sindano. Juu ya kovu, kila mia huenda zikashika sitini. Yote hayo nimetafsiri. Anuari akasimama.

"Mia kwa sitini? Mjomba, hata mbegu ya msaada inaota zaidi ya hapo. Twende zetu."

Nikamshika mkono. Akakaa, lakini ukingoni mwa kiti.

Ndipo daktari akasema sentensi moja zaidi. Naiweka hapa kama ilivyokuwa: wiki ya tatu nywele zote zilizopandwa zitadondoka, asishtuke, mizizi inabaki, baada ya miezi mitatu au minne zitaota upya, na hizo ndizo za kudumu.

Anuari akanitazama. "Anasemaje?"

Nikasema: anasema uwe na subira.

Muuguzi, Ritha, aliinua macho kutoka kwenye faili. Kiingereza anakijua. Akayarudisha chini. Kwa umri mimi ni babu kwake, hangenisahihisha.

Harusi ni baada ya Idi, Desemba. Muda upo. Nitamwambia akishapona.

Jumanne, 10 Julai

Kazi imefanyika. Imechukua saa sita nzima! Nimekaa mlangoni muda wote, nimeingia kila nilipoitwa.

Asubuhi kidogo iharibike. Daktari alimchora Anuari kwa kalamu ya zambarau, mstari kutoka sikioni hadi kidevuni. Anuari akaomba kioo. "Mjomba, hizi ni ndevu au barabara ya Dar?" Kweli, mstari ulinyooka mno. Nikaomba ruhusa, nikamtuma mtu amlete Athuman, kinyozi wa hapa Dodoma, mtu wa Kondoa kama sisi. Amemnyoa Anuari tangu aanze kuota ndevu, na kabla yake alimnyoa baba yake, Khamisi. Nilidhani daktari atakasirika. Alivuta kiti, akampa Athuman kalamu.

Athuman hakuchora kwanza. Alifumba macho, akapapasa shavu la kulia kwa kidole gumba, polepole, huku na huku. Kisha akasema, nami nikatafsiri, safari hii neno kwa neno: ndevu haziishi kama ukuta, zinaisha kama manyunyu. Pembeni weka unywele mmoja mmoja, mbalimbali, bila mpango. Ndani, mbili mbili. Kwenye taya ndipo ujaze. Shavuni zinalala kwenda chini na mbele. Chini ya taya zinapanda kukutana na zile. Hapa karibu na sikio zinazunguka. Na chini ya mdomo usijaze kabisa — Khamisi alikuwa na uwazi pale, na mtoto anao upande wa pili.

"Ukiuziba," alisema, "umempa ndevu za mtu mwingine."

Daktari alinakili kila kitu shavuni kwa vinukta. Naye alimwonyesha Athuman namna anavyolaza sindano, karibu iguse ngozi. Ikisimama, alisema, ndevu zinakuwa brashi. Nywele zetu zimejikunja hata chini ya ngozi, kama ndoana. Ritha na wenzake walikata kwa kufuata mkunjo. Nywele mia nne na kumi na mbili. Wazee wawili na daktari mmoja juu ya shavu moja!

Masharti: siku tano uso usiguse maji. Hilo nimetafsiri vizuri.

Jumapili, 15 Julai

Bandeji zimetolewa. Vigamba vidogo vyeusi, kila kimoja na unywele wake. Anuari alikaa na kioo changu cha kunyolea tangu chai hadi adhuhuri. Kisha akahama kutoka upande wa ukuta, akakaa kiti cha mlangoni.

Sikuweza kumwambia leo.

Jumamosi, 21 Julai

Amepiga simu kwa jirani, nikaitwa. Vigamba vimeanguka, nywele zimebaki. Sokoni Kibaigwa wamemzunguka. Dalali mmoja, Matonya, alipanda juu ya gunia akatangaza: "Robo Tatu leo kawa lumbesa!" Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi likapita mdomo. Wamecheka, na yeye amecheka. Sauti yake ilikuwa ya dada yangu kabisa.

Nilitaka kusema. Mke wa jirani alikuwa amesimama pale, anasonga ugali. Si jambo la kusema kwenye simu ya watu.

Jumatano, 25 Julai

Anuari amekuja na lori la mahindi, ameshuka na kilo mbili za nyama. Shikamoo hajaimaliza, habari ameshaitoa. Harusi imeletwa karibu — si Desemba tena, ni Jumapili tarehe 5 Agosti! Mahindi yameuzika vizuri, wazee wa Mishi wamekubali, wala hataki kungoja. "Nimewangojesha watu miaka mitatu, Mjomba. Sasa uso ninao."

Nimehesabu kwa vidole chini ya meza. Tarehe 5 ni siku ya ishirini na sita tangu kupandwa; wiki ya tatu itakuwa imeshapita.

Nimesema: si haraka mno? Akasema: wewe ndiye utakayesimama upande wa mama yangu, tafuta kanzu. Akala, akaondoka na lori lilelile.

Kondoa. Sijakanyaga tangu tulipomzika Kudra. Nilikuwa na miaka kumi na minane serikali ya mkoloni ilipovifunga vilima vyetu kwa sababu ya mmomonyoko, tukaambiwa tushuke. Husema nimezoea Dodoma. Miaka hamsini na mbili nazoea. Usiku wa leo nimeitoa kanzu, nimeiangalia kola. Kisha nimejiuliza: je, namnyamazia kwa ajili yake, au nataka tu safari yangu isivunjike? Jibu sijaliandika.

Jumamosi, 28 Julai

Nimekutana na Ritha penye duka la vitenge. Shikamoo babu. Marahaba. Habari za mgonjwa? Njema. Kaniambia daktari ameondoka Jumapili iliyopita.

Kisha, taratibu, akikunja khanga yake: "Babu, lile la wiki ya tatu... ulimwambia, eti?"

Nikasema amelielewa.

Akasema, "Haya, babu." Kwa heshima. Heshima ile ilinichoma.

Mahakamani, ningekuwa nimefukuzwa kazi.

Jumatano, 1 Agosti

Hakuna habari kutoka Kibaigwa. Nimeandika barua. Nimeichana.

Ijumaa, 3 Agosti

Anuari amefika baada ya sala ya Ijumaa. Shali imezungushwa usoni hadi puani. Amekaa upande wa ukuta.

Ametoa kibiriti mfukoni, akakifungua juu ya meza. Ndani hamna njiti. Nywele. Fupi, zimejikunja, nyingi. Zilianza kudondoka Jumatatu, kwenye mto wa kulalia. Leo asubuhi amepitisha kiganja mara moja, zikaja zote.

Nikafungua mdomo. Akaniwahi.

"Mjomba, nisamehe. Ni mimi nimeharibu. Ile Ijumaa, siku ya tatu baada ya kupandwa, nililegeza bandeji nikatawadha kwa maji. Nilisema moyoni, mtu haendi Ijumaa kwa kutayamamu na vumbi. Daktari alikataza, wewe ukanitafsiria vizuri kabisa, mimi nikakaidi. Umehangaika bure. Athuman amehangaika bure."

Analia bila sauti. Mtu wa miaka thelathini na tatu, ananiomba msamaha mimi.

Barua ya kwa Mishi, ya kuahirisha harusi tena, ameshaiandika. Iko mfuko wa shati, naiona kona yake. Basi la Kondoa linaondoka saa kumi, atampa kondakta. Sasa hivi ni saa tisa na nusu.

Nimemwambia angoje. Nimeingia chumbani kuchukua daftari hili, ukurasa wa tarehe 9, ili asome mwenyewe kwa macho yake. Maana kinywa changu sikiamini tena. Lakini nikimpa ukurasa huo atasoma na mistari iliyo juu yake. Ya karabai. Amekua akiambiwa kosa lilikuwa la utambi.

Naandika nimesimama. Anaita: Mjomba, unatafuta nini huko?

Nimejibu: miwani.

Miwani ninayo usoni. Kiti kimesogezwa. Anasema ngoja nije nikusaidie kuitafuta —