Hatua za Baba Riziki

Jumatano, mangaribi

Kumbe siku tatu nilikuwa natafuta kwa miguu yangu mwenyewe!

Kabla ya kukimbia vita, bwana ya Mama Riziki alizika cherehani yao, hapa Mushaki. Akamwambia: «Hatua makumi mbili toka mulango, upande jua inatokea.» Kisha alifia kambini Kashuga. Bila ile cherehani, mama hana kazi. Mimi natafutia majirani vitu bure, kwa ajili ya Mungu, na mashine yangu ya kusikia chuma. Watoa mabomu walishapita, lakini kila inapolia, moyo wangu unaruka.

Siku tatu nilihesabu kwa hatua zangu, bila kuipata. Leo nikauliza: «Mama, bwana yako alikuwa murefu?»

«Murefu? Papa, yule alikuwa anavuka mufereji bila kujua iko mufereji!»

Akafunga kitenge vizuri, akatembea toka mulango kama bwana yake: mikono nyuma, kidevu juu, miguu inatupwa mbali. Majirani wakapiga kelele: «Njo yeye kabisa, bwana yako!» Akacheka, akaendelea kuhesabu. Makumi mbili ilimufikisha katikati ya maharagi. Mashine ikalia.

Tulichimba polepole. Cherehani ilitoka ndani ya plastiki, gurudumu yake ingali inazunguka. Asante Bwana.

Lakini Mama Riziki hakuiangalia kwanza. Aligeuka, akatazama zile alama za miguu yake mu udongo, ndefu ndefu, toka mulangoni.

«Papa,» akaniambia, «usizikanyage kwanza.»

Nikapita kando.