Baragumu Nimeliacha Uwanjani

Kengele ya misheni haijalia leo, kwa hiyo si Jumapili. Siku yenyewe siijui. Mawingu yamejaa upande wa Mpitimbi tangu asubuhi, mazito, lakini hayajashuka. Joto limekaa juu ya watu kama limekosa pa kwenda.

Mimi nina miaka sabini. Labda ni sitini na mitano, lakini waliokuwa wanajua wamekufa wote, kwa hiyo nasema sabini na hakuna wa kubisha. Nimeishi kuliko wake zangu watatu, kuliko watoto wangu sita, kuliko ndugu zangu wote wa tumbo moja. Nimeishi kuliko vita vya maji na njaa iliyokuja nyuma yake. Nimeishi kuliko mnyororo wa Wadachi, miezi saba shingoni, na yule nyapara aliyekuwa ananichapa naye nasikia amekufa kwa tumbo.

Kusoma nimejifunza uzeeni, kwa mwalimu wa misheni, nimekaa benchi moja na watoto. Watu walicheka. Nilikwenda kwa sababu ya uji, sifichi. Uji ulipokwisha wengine waliondoka, mimi nikabaki mpaka nikajua kuandika jina langu na la mtu yeyote. Mwalimu akanipa daftari hili, akasema niandike humo makosa yangu. Mpaka leo nimeandika habari za mvua, na sifa zangu.

Leo naandika lingine.

Chama chetu cha jembe nilikianzisha mimi, mtu asije akasema vingine. Wadachi walipochoma maghala na mashamba, wanaume walikuwa wameisha. Wakabaki wajane na watoto, na mashamba yaliyogeuka vichaka. Zamani mtu akitaka kulimiwa alipika pombe, akaita majirani, wakalima, wakanywa. Ndiyo ngokela yetu hiyo. Sasa pombe ya nini, na ulezi haupo hata wa kula? Nikasema tutalima bila pombe. Tutalima shamba la kila mjane kwa zamu, na hakuna atakayepewa hata punje kwa kazi yake. Walidhani nimeugua kichwa. Leo tuko watu thelathini na wawili, na wajane ni ishirini na saba. Nitajieni mtu mwingine katika Ungoni nzima aliyefanya hivyo na tumbo lake likiwa tupu.

Nilikiendesha kama kikosi, maana ndicho nilichokijua. Jua likichomoza napuliza baragumu, pembe ile ile ya tandala niliyopuliza vitani. Anayechelewa anapewa ngwe ya mawe, kile kipande kigumu cha mwisho wa shamba ambacho jembe linalia. Zamu napanga mimi. Mgonjwa mbele, mwenye watoto wadogo mbele, na shamba langu la mwisho kabisa. Hilo nimejisifia kila mahali, mpaka kwa padre.

Mke wangu mdogo alikufa mwaka wa pili wa njaa, zamu yetu bado. Alikuwa anachimba ming'oko, viazi vya porini, na miguu imemvimba. Nilisema ndivyo kiongozi anavyotakiwa kufanya, kujiweka mwisho.

Yeye hakuwa kiongozi. Alikuwa na njaa tu.

Nimeyaandika hayo kwa mwandiko ule ule wa habari za mvua. Sijui mkono huu ni wa namna gani.

Basi asubuhi niliwaita uwanjani, hapa Mfaranyaki, pale tunapopuria nafaka, ili nitangaze zamu za msimu huu. Wa Mpitimbi walikuwa wamefika tangu jana, wamelala kwa jamaa zao. Wote wakakaa chini. Nikasimama na baragumu langu kwapani, nikaanza kutaja majina. Sijafika jina la tano, Nakomba akainuka.

Nakomba wa Mpitimbi ni mjane wa Lukele, na Lukele alikuwa mkuki wangu wa kulia vitani. Mwanamke huyu si mtu wa maneno. Miaka mitatu amelima nami kimya, jembe lake halipumziki, hajawahi kupewa ngwe ya mawe hata siku moja.

"Monile, baba," akanisalimu.

"Monile, mama. Sema."

"Mpitimbi na huku ni mwendo wa siku nzima. Mwaka jana tulitembea kuliko tulivyolima. Mvua ilipokatika, mashamba tisa yalikuwa bado. Bibi Nandunguru alifikiwa na zamu yake akiwa hawezi kuinuka mkekani."

"Nayajua hayo."

"Basi mwaka huu tugawanyike. Nusu Mpitimbi, nusu huku. Mvua ikianza kila upande ulime kwake."

"Watu wangu hawagawanyiki," nikasema. Nilisema kwa sauti yangu ya zamani, ile iliyokuwa inasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Bado ninayo.

Haule akacheka. Huyu ni shemeji yangu, mwenye jicho moja, mmoja wa wanaume watano tulionao. "Tumesikia, baba. Hata mvua imesikia. Iko pale Mpitimbi inasubiri ruhusa yako."

Watu wakacheka naye. Nikamwambia anyamaze, maana yeye huja shambani jua likishachoka.

"Nachelewa kwa sababu naona nusu ya njia, shemeji."

Wakacheka tena. Nakomba hakucheka. Alisubiri mpaka wamalize.

"Lukele naye alikuomba hivi hivi," akasema. "Ukamjibu maneno haya haya."

Hapa inabidi niandike kitu ambacho sijamwambia mtu, hata padre kwenye kitubio.

Siku moja kabla ya yale mapigano ya mtoni, mpelelezi wangu mmoja alirudi kutoka upande wa Lusewa, anachechemea, paja limetoboka. Alikuwa amekunywa dawa, tena mbele ya macho yangu. Maji yale ya mganga, yaliyosemwa yatageuza risasi za Wadachi ziwe maji. Nikaliona tundu. Mimi nimeona vidonda vya mkuki, vya mshale, vya pembe ya nyati, na lile halikuwa la kimoja kati ya hivyo. Nikamfunga majani, nikamwambia afunge mdomo, nikawatangazia watu kuwa amechomwa na kisiki.

Niliwaza hivi: nikisema kweli, kesho sina kikosi. Nilikuwa mkubwa wa watu mia moja, na nilipenda kuwa mkubwa wao. Ndiyo sababu yote. Nimeitafuta nyingine miaka hii, sijaipata.

Jioni ile Lukele akaja kwangu mbele ya watu. Akasema tugawanyike, wenye watoto wadogo warudi nyumbani, waliobaki twende. Hakusema kwa nini, wala sikumpa nafasi. Nikamwita mwoga. Nikasema watu wangu hawagawanyiki.

Asubuhi alitangulia mbele yangu kuingia mtoni. Ngao yake hakuiinua sawasawa.

Bombomu ya Wadachi ilikuwa ng'ambo, kwenye matete, bunduki ile inayotema bila kupumua. Maji yalikuwa yanafika magotini. Watu walikuwa wanapiga kelele "maji, maji" kama walivyofundishwa. Halafu wakaacha.

Mimi nilikuwa nyuma yao, napuliza baragumu.

Miaka yote hii niliamini Lukele aliogopa tu, na niliamini siri ya lile tundu ni yangu na yule mpelelezi, naye alikufa. Wanawake waliotufuata na vikapu vya chakula sikuwahesabu. Nani alikuwa anawahesabu?

"Kidonda nilikiosha mimi, baba," Nakomba akasema pale uwanjani. Hakupaza sauti. "Risasi niliitoa kwa kidole. Nikampa Lukele aishike. Alikuja kwako akiwa nayo kwenye kiganja, ukamwita mwoga kabla hajafungua mkono. Asubuhi akanirudishia."

Akafungua pindo la kaniki yake, akaiweka chini, mbele ya miguu yangu. Ndogo. Ukiiona utadhani ni mbegu ya kitu.

Bibi Nandunguru, aliyeletwa na wenzake kwa machela kutoka Mpitimbi, akauliza kama ni kweli. Wanawe wawili walikuwa katika wale mia.

"Kweli," nikasema.

Nilikuwa nangoja wanipige. Nilikuwa nangoja hata mtu alie, nijue la kufanya. Hakuna aliyelia. Mmoja alimhamisha mtoto kutoka mgongoni kwenda kifuani. Mwingine alikuwa anang'oa majani kwenye ufa wa uwanja, moja moja. Haule alikosa mzaha. Mimi nilikuwa naangalia mchwa wanapanda juu ya ile risasi na kushuka upande wa pili, na ndani yangu hakukuwa na kitu. Sikuona aibu, wala sikuona hofu. Ni kama mguu uliolaliwa, unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii.

Nikamwuliza Nakomba swali moja tu. Kama alijua, kwa nini amelima nami miaka mitatu?

"Nilime na nani mwingine, baba?" akasema. "Wengine walibaki mtoni."

Kisha akaniuliza, "Sasa unajibu nini? Mvua hiyo."

"Gawanyikeni," nikasema. Sauti ya zamani sikuiona. Ilitoka ndogo, ya mtu mwenye mafua.

Na ikawa rahisi. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko lile tundu, kama kuna kinachonisumbua. Mimi nilidhani kikosi kikigawanyika kinakufa. Nakomba alizunguka kwa kila mtu, akamwuliza shamba lake liko wapi na ana nguvu kiasi gani. Majembe ni kumi na saba. Tisa yakaenda Mpitimbi, manane yakabaki, wasio na jembe watafukia mbegu. Wa huku wakamchagua Haule awe anawaamsha, nao wakamwambia akichelewa watamlimisha ngwe ya mawe mpaka jicho la pili lichoke. Akakubali. Yote hayo kabla jua halijafika utosini. Mimi zamu tu nilikuwa nazipanga siku tatu, na nilikuwa najisifu kwamba ni siku tatu.

Shamba langu wameliweka la nne, baada ya wagonjwa. Hawakuniuliza. Sikukataa.

La nne. Angekuwepo mke wangu mdogo ningemwambia.

Watu walipoanza kusimama Nakomba akanijia. "Na wewe, baba, unalima upande gani?"

"Shamba langu liko huku."

"Sikuulizi shamba. Nakuuliza mikono yako."

Nikafikiri. Mimi nalima vizuri, bado, ngwe yangu inanyooka kuliko ya vijana, muulizeni yeyote. "Upande wako," nikasema.

"Kesho tunatembea. Keshokutwa tunaanza kwa Bibi Nandunguru, jua likichomoza. Baragumu hatutapuliza, watoto wa pale wanaliogopa. Ukichelewa, ngwe ya mawe unaijua."

Akaokota risasi yake, akaifunga tena kwenye pindo. Hakutabasamu, wala hakunikasirikia. Alisema nami kama anavyosema na mtu yeyote mwenye mikono miwili.

Baragumu nimeliacha uwanjani, juu ya rundo la makapi. Nilipogeuka nyuma kuangalia, kuku alikuwa anachakura kando yake. Hakuna aliyeliokota. Nilikuwa nafikiri patatokea ugomvi wa nani wa kulirithi.

Sasa nimekaa barazani. Jembe nimeshalitia mpini upya. Nimechemsha ming'oko minne, miwili ya njiani, miwili ya kufikia. Upepo umeanza kunukia udongo. Kesho asubuhi sitapuliza kitu, nitaondoka tu na wengine, na nitatembea nyuma ya Bibi Nandunguru, nishike machela ikibidi. Sijui atanitazama vipi. Sijui hata kama ninajali. Nadhani nitajua nikiwa na jembe mkononi.

Kama sitajua, shamba lake litakuwa limelimwa hata hivyo.

Atakayesoma haya akadhani mzee ametunga ili ajisifie kwa njia nyingine, aende Mpitimbi, amwulizie Nakomba, mjane wa Lukele. Risasi anayo, na siku ile alikuwepo. Ningeweza kutaja mashahidi wengine tisini na kitu, kwa majina, maana wote nawakumbuka.

Lakini hao niliwapeleka mtoni.