Maziwa Yasiyo na Mtoto

Mpwa wangu Aikande,

Ni mjomba wako, yule aliyembeba Mzungu mgongoni hadi kilele cha mlima, miguuni kandambili. Ungekuwepo ungesema, "Mjomba, mwaka jana ulisema walikuwa wawili." Walikuwa wawili, mmoja mwembamba, sikumhesabu.

Unakumbuka ulipoanza kusikia sauti? Uliniambia tukikata majani ya ng'ombe: "Zinanidanganya kama wewe, ila wewe unachekesha." Hospitali wakakupa vidonge, sauti zikanyamaza, ukarudi kwaya. Nilitangaza kuanzia Machame mpaka Mwika kwamba mpwa wangu amepona.

Halafu Jumapili ile blauzi ikalowa kifuani mbele ya kanisa zima. Maziwa. Na hedhi ilishakata miezi. Ukawaambia ni vidonge, nani akusikie? Shangazi zako walichukua majembe wakaingia kihambani, shamba la nyumbani, wakachimba chini ya migomba kutafuta kichanga walichodai umekizika. Uliita kutoka mlangoni: "Mama, na wewe umeshika jembe?" Akaendelea kuchimba. Mimi nilikuwa mjini Moshi; ningekuwepo ningewanyang'anya wote kwa mkono mmoja. Ukamwaga vidonge chooni. Sauti zikarudi, ukaondoka nazo.

Nilimfuata daktari. Shule niliishia la nne, lakini kichwa changu kinashika. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde, inatoa prolaktini, homoni ya maziwa. Ubongo huizuia kwa kemikali yake, kama tunavyoziba mfereji kwa matope na majani ya migomba ikiwa si zamu yetu ya maji. Dawa inayonyamazisha sauti inaikata nguvu kemikali hiyo. Kizibo kikitoka, maziwa yanashuka hata kwa msichana asiyemjua mwanaume, na hedhi inakata.

"Hata mimi ningetoa maziwa?" nikamuuliza.

"Hata wewe, mzee. Angerudi tungempima damu, tukambadilishia dawa."

Basi. Jambo lenyewe ni hilo tu.

Nimekutafuta stendi, sokoni, mpaka kwenye majaruba ya mpunga Mabogini. Nikieleza, watu wanashika mbavu: "Mzee, leo umetuletea tezi inayokamua watu!" Shangazi zako wanasema nimetunga uongo wa kukukinga. Mama yako namweleza kila nikipita. Anaitikia tu, "Ndiyo, kaka."

Juzi aligawa nguo zako.

Sidhani haya yatakufikia, mwanangu. Huko uliko, ukipata pa kulala pakavu, lala.

Ni mimi, kaka wa mama yako.