Shangazi Winifred Anaondoka Barabarani

Keighley,
Jumapili jioni, Aprili.

Kwa mdogo wangu Clem,

Pokea salamu zangu za moto moto, maana ndiyo kwanza nashuka kwenye pikipiki. Leo mimi na Shangazi Winifred tumevuka vilima mpaka Skipton na kurudi, mvua usoni, na polisi kijana aliyejaribu kutufukuza tulimwacha kwenye kona ya daraja akitafuta kofia yake. Kwa umri wangu huu! Waambie hao wazee wenzako wa kilabu cha bustani, wanaojisifu kwa kupanda ngazi bila kushika ukuta.

Haya, nimekudanganya. Usikunje uso, najua umeukunja. Ukweli ni kwamba kweli nimeshuka kwenye pikipiki, na kweli niliikalia mchana kutwa, lakini pikipiki yenyewe, huyo huyo Shangazi wetu, iko chumba cha mbele, kati ya kabati la vikombe na picha ya marehemu mke wangu Edith, na mvua niliyoipata ni chai iliyonimwagikia. Polisi hakuwapo. Angekuwapo ningemkaribisha biskuti.

Nyonga yako vipi? Nasikia wamekuwekea ya chuma. Nunua na kopo la grisi. Na vitunguu vyako vya mashindano, bado umevining'iniza bandani kama mahari ya binti mfalme? Nitavirudia baadaye hivyo vitunguu, visidhani vimepona. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, masikio, meno ya juu na hasira. Gillian anakusalimu. Jirani yangu Shaukat naye anakusalimu, anauliza kama bado unaiba ukicheza dhumna.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyofika hapa.

Majira ya baridi yalipoingia, binti yangu Gillian alikuja Jumapili na nyama ya kuoka, kama kawaida, akaningoja nijaze mdomo ndipo aseme. Huyo ni mama yake mtupu. Akasema baba, umri umekwenda, mimi silali usingizi, nataka uniahidi hiyo pikipiki itatoka barabarani. Nikatafuna polepole. Nikafikiri. Nikamwambia sawa mwanangu, itatoka barabarani, naapa mbele ya mchuzi huu. Akanibusu kwenye upara.

Maskini, alidhani nimekubali kuuza. Lakini neno "kuuza" nani alilitamka? Jumatatu asubuhi nikapiga simu ofisi ya magari, nikamtangaza rasmi Shangazi Winifred kuwa ameondoka barabarani. Unajua utaratibu: ukishatangaza hulipi kodi ya barabara, na chombo kinakaa kwako kimya kama mtawa. Nikajipongeza kwa chupa ya bia nyeusi. Ahadi nimetimiza, pikipiki ninayo. Nikamfunika turubai akabaki palepale alipokaa miaka yote, uchochoro wa nyuma, chini ya kamba za nguo.

Hapo ndipo nilipojikwaa, mdogo wangu, na usinicheke, kwa maana hata wewe uliyezaliwa nyumba hii ungejikwaa. Uchochoro wa nyuma ni wa nani? Ni wetu! Mama alikuwa akisugua mawe yake kwa magoti. Kamba zimefungwa ukuta kwa ukuta, na asiyefua Jumatatu anasemwa mpaka Pasaka. Basi kumbe si wetu. Alikuja bwana mmoja wa halmashauri, mwembamba, ana koti la kung'aa, akalifunua turubai kama anamfunua maiti, akaniambia mzee, chombo hiki kimetangazwa hakiko barabarani, nacho kiko barabarani.

Nikamuuliza barabara ipi, bwana mdogo, hii? Nikamwambia chupi za marehemu mke wangu zimepepea juu ya mawe haya miaka arobaini, na hakuna gari lililothubutu kupita chini yake. Shaukat alikuwa mlangoni kwake, akadakia kwamba hilo yeye ni shahidi, zilikuwa kubwa kama matanga. Yule bwana hakucheka. Aliuliza swali moja tu: kwa nini Jumanne asubuhi nyote mnakimbilia kuanua nguo? Tukatazamana mimi na Shaukat. Tunaanua lori la taka lipite. Ee, akasema, na lori la taka hupita wapi? Nikalirudisha turubai mahali pake. Mwanasheria mzima angekosa jibu. Akanipa hadi mwisho wa juma nimwondoe.

Ua wangu unaujua, mlango wake haupitishi hata paka mwenye mimba. Ikabaki njia moja: mlango wa mbele. Na mlango wa mbele unafikia chumba cha mbele, chumba cha Edith, ambacho alikifungua kwa Krismasi, kwa misiba, na kwa daktari tu. Mimi mwenyewe niliruhusiwa kuingia nikiwa na soksi safi. Nilisimama mbele ya picha yake nikamwambia mama Gillian, leo anaingia mgeni, anavuja kidogo, unisamehe. Hakukataa. Naye hakuwahi kunyamaza kwa jambo lisilompendeza.

Tulimsukuma mimi na Shaukat, tukakwama kizingitini. Kwa bahati akatokea mchungaji wetu mpya, yule mnene, amekuja kuniuliza kwa nini hanioni kanisani. Nikamwambia Mungu amekuleta, shika nyuma. Akashika. Akasukuma kwa imani, akapaka oili suruali yake mpaka kiunoni, na alipoteleza akatamka neno ambalo halimo katika Biblia niliyofundishwa mimi. Nimemwambia kwa neno lile nitakuja kanisani Jumapili zote.

Basi Shangazi akaingia. Nimemwekea chini trei ya Edith ya kuokea nyama ikinge oili. Asubuhi nakunywa chai nimemkalia. Tulivyomwita kwa jina la shangazi yetu hatukukosea: anakohoa akiamka, anatoa moshi, anajamba kwenye kona, na tangu tumnunue hajawahi kukubali kuwaka siku ya ibada.

Gillian alipokuja akafungua mlango wa chumba cha mbele, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye mkono wa kochi akatazama trei ya mama yake. Akasema baba, wewe ni mtoto. Nikasema ndiyo, lakini niko nje ya barabara kama ulivyotaka. Akasema hapana, hii imezidi, kuna bwana mmoja Harrogate anafungua baa, atamchukua kwa lori Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na atamtunza vizuri. Nikauliza kumtunza vipi. Akasema vizuri tu, baba. Nikauliza tena. Kumbe anataka kumtundika ukutani, Clem. Juu ya mlango wa choo. Injini itatolewa awe mwepesi, na kwenye taa ya mbele watatia maua ya plastiki.

Mezani nilimaliza nyama yangu yote, nikaomba na mchuzi. Gillian akadhani nimekubali. Kila mara anadhani hivyo, sijui ni kosa la nani.

Wewe ulikuwapo siku tulipomleta nyumbani, baba akamzunguka akasema mmenunua kengele isiyo na kanisa. Amenipeleka kiwandani zamu ya usiku miaka yote. Edith nilimposa juu yake, akakataa, nikaongeza mwendo, akakubali. Gillian mwenyewe alikwenda kuzaliwa akiwa tumboni mwa mama yake juu ya kiti kile, kwa maana gari la wagonjwa lilikwama kwenye theluji. Halafu aje atundikwe juu ya watu wanaokwenda kukojoa? Kama ni kuondoka barabarani, ataondoka kwa miguu yake mwenyewe, na mahali atakapopumzika nitapachagua mimi.

Nikapiga simu tena ofisi ya magari. Akapokea msichana mwenye sauti nzuri. Nikamwambia mwanangu, mimi ni mzee mjinga, hebu nieleze, chombo kilichotangazwa hakiko barabarani, kikitaka kwenda kukaguliwa kinafikaje gereji, kinaruka? Akacheka. Akasema babu, hiyo tu ndiyo ruhusa: ukiweka miadi ya ukaguzi mapema, na bima unayo, unaweza kukiendesha moja kwa moja mpaka gereji, bila kupita kwingine. Nikauliza gereji ipi. Yoyote, akasema. Nikasema, hata ya mbali kidogo? Akauliza: Mbali kiasi gani, babu? Nikamwambia mbali kiasi cha kuona bahari. Nikasikia anaziba simu kwa mkono, wenzake wanacheka. Akarudi akasema sheria haitaji umbali, ila, babu, moja kwa moja maana yake moja kwa moja.

Sasa umeanza kunielewa? Pybus, mwenye gereji pale chini ya kilima chako Whitby, ukuta wake si ndio ukuta wa banda lako? Nimeweka miadi. Alhamisi ijayo, alasiri. Amesema pikipiki ya umri ule haidaiwi hata ukaguzi, kwa nini nijisumbue. Nikamwambia andika tu jina, Pybus, mengine niachie mimi. Tutatoka hapa asubuhi, York tunaizunguka, Pickering tunaipita bila kusimama, hata kwa chai. Fikiria! Mwana wa Holroyd kupita Pickering bila chai. Baba atageuka kaburini. Halafu vilima vya juu, nyika yote ile, kondoo na upepo, na mwisho wake bahari. Akishakaguliwa anasukumwa hatua chache kuingia bandani mwako, kwenye ardhi ya mtu binafsi, kihalali, injini yake tumboni, taa yake haina ua.

Gillian nimemwambia leo. Niliogopa, sikufichi. Alisema nimerukwa na akili, akasema nitakufa kule juu na kondoo watanila. Nikamwambia kondoo hawali nyama, na wakila hawataanza na mimi. Ndipo akalia, na mimi mtoto wangu akilia sina ujanja tena. Ikabidi nimwambie ambalo sijamwambia mtu, na sasa nakuambia na wewe.

Mwezi wa Oktoba, kabla hajaniomba ahadi ile, nilisimama kituo cha mafuta njia ya Bingley. Nilishusha mguu kama nilivyoushusha maisha yangu yote, na goti likakataa. Shangazi akalala ubavu, nami pamoja naye, taratibu, kama wazee wawili wanaokwenda kulala. Sikuumia. Lakini nilipojaribu kumwinua, Clem, sikuweza. Nilivuta, nikasukuma, nikatukana, hakuinuka. Walikuja wasichana wawili wenye sare za duka, wakamwinua kama baiskeli, mmoja akanifuta goti akaniuliza babu, kuna mtu wa kumpigia simu? Nikasema hakuna. Nikarudi nyumbani nikitafuta njia isiyo na taa za kusimamisha magari. Nikienda, mimi ni yuleyule. Nikisimama, ndipo nazeeka.

Kwa hiyo Gillian alipokuja na nyama yake na ombi lake, mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka tu liwe jambo langu. Na Alhamisi ni ya mwisho, si ya Shangazi peke yake. Leseni yangu ya udereva nimeshaitia kwenye bahasha niirudishe ofisi ya magari, na stempu nimebandika. Nitaitumbukiza kwenye sanduku la posta la pale kwako kwa mkono wangu, baada ya hapo basi la wazee litanileta kuwatembelea nyote wawili, bure, na sandwichi yangu mkononi.

Gillian alisikiliza mpaka mwisho. Akapenga kamasi. Halafu akauliza York tunaizunguka upande gani, kwa maana upande wa kusini kuna mataa mengi. Atakuja nyuma yangu na gari lake, taa za tahadhari zinawaka, na chupa ya chai, maana amesema mimi nimekatazwa kukengeuka, yeye hajakatazwa. Gillian amempigia simu yule wa baa kumwambia atafute farasi wa mbao wa kutundika. Shaukat atanishika hapa wakati wa kuondoka. Amesema atanishika kwa furaha, mradi asiombwe kunifuata.

Wasalimie wote wa huko: Pybus, wale wa kilabu cha bustani, na yule mjane wa kuuza samaki wa moshi unayejifanya humwoni. Nyonga yako ipone upesi, maana nina kazi nayo.

Kazi yenyewe ni ndogo, na unadaiwa. Vitunguu vyako viondoe bandani, uache nafasi ya pikipiki moja na kiti kimoja. Hiyo si kazi, hiyo ni nyongeza. Kazi ni hii. Ulipojifunza baiskeli pale njia ya kiwandani, nani alikushika tandiko akakimbia nyuma yako huku mapafu yanawaka moto, na hakuachia mpaka uliposema mwenyewe achia? Basi Alhamisi alasiri, ukisikia Shangazi anakohoa kushuka kilima, toka usimame mlangoni kwa Pybus. Nitakuja polepole. Nikishusha mguu, nishike.

Ni mimi kaka yako,
Ezra Holroyd