Sauti ya Ijumaa Kwenye Mashine

Ijumaa, 19 Aprili
Umeme umerudi saa nne. Nimesaga madebe 23 hadi adhuhuri. Mkanda unalia, sidhani kama utamaliza mwezi.
Saa nane nimeunganisha simu kwenye spika, sauti ya Mama Zuhura kama kawaida. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, wa kujitolea. Kila Ijumaa anarekodi kwa Kizigua, dakika mbili hivi, anatuma kwenye kundi langu la WhatsApp la wateja wa mashine. Watu 214. Leo: maji ya lambo yachemshwe mpaka yatokote, maana mvua inasomba kila uchafu. Kina mama kwenye foleni wanamjibu kama vile yupo.
Mama yangu naye yumo, kakaa juu ya gunia. Huja hata kama hana cha kusaga. Kusoma hajui, simu yake ya tochi, haina WhatsApp. Hiyo sauti ndiyo gazeti lake.

Jumamosi, 20 Aprili
Hasira. Sijapata hasira hii tangu nitoke shamba la mkonge la Ngombezi.
Mama Zuhura katuma picha kundini. Choo cha mashine yangu. Kibuyu chirizi cha mlangoni, lile dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, kikavu. Sabuni hakuna. Chini kaandika: "Unga wetu unashikwa na mikono gani?" Kufika saa tatu watu 37 wamecheka. Mmoja kaandika: "Bosi, kumbe unga wako una viungo!"
Miaka sita nimekata mkonge. Mashine nimeinunua kwa mikono hii hii anayoiulizia. Kundi nimelianzisha mimi, la kutangazia umeme ukikatika. Angeniita pembeni, angepungukiwa nini?
Nimemtoa. Kugusa mara mbili tu. Picha nikaifuta.
Dumu nimelijaza jioni, watu wameshaondoka. Sikutaka aonekane kashinda.

Ijumaa, 26 Aprili
Sikukuu, lakini watu wanakula. Foleni watu 41. Nimeweka muziki wa singeli, vijana wamefurahi.
Mama kauliza, "Yule mama wa Ijumaa leo vipi?"
Nikamwambia, "Hana jipya, mama. Mambo salama."
Kasema, "Haya." Kashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Jumanne, 7 Mei
Mvua siku ya nne. Maji ya lambo rangi ya chai ya maziwa. Watoto wawili wa bondeni wanaharisha. Mtu katuma sauti kundini kwamba soda na kitunguu saumu vinakata kuharisha. Sekunde 30. Imezunguka kijiji kizima kabla ya adhuhuri. Nilijua ni upuuzi. Sikuifuta. Nilikuwa nafunga mkanda mpya.

Alhamisi, 9 Mei
Mama.
Alfajiri nimemkuta ameanguka mlangoni kwake, kanga imelowa, macho yameingia ndani. Jirani anasema amekwenda chooni mara kumi na moja. Ya kumi na mbili hakufika. Gari la kukodi hadi Korogwe, tope tupu, mwendo wa saa mbili na robo.
Dripu nne. Nesi kaniuliza, "Nyumbani mnachemsha maji?"
Nikasema ndiyo.
Mama akafungua jicho moja. "Niliacha."
"Kwa nini, bibi?"
"Tangazo lilikoma. Mwanangu akasema mambo salama."
Hakulalamika. Alisema kama anataja bei ya chumvi. Nesi akaniangalia. Mimi nikaangalia dripu, nikahesabu matone. Thelathini na nane kwa dakika.

Ijumaa, 10 Mei
Wodini. Wa kijijini kwetu ni watatu, mama na wale watoto wawili.
Nimepiga hesabu, kichwa hakikubali kukaa bure. Aliacha jioni ya tarehe 26. Siku kumi na tatu. Sufuria moja asubuhi, moja jioni. Sufuria 26 za maji ya moto nimemnyima mama yangu kwa maneno mawili.
Na wale 41 wa foleni walinisikia pia. Hiyo sijaipigia hesabu.

Jumanne, 14 Mei
Tumerudi. Watoto nao wazima.
Saa mbili na dakika kumi nimemrudisha Mama Zuhura kundini. Dakika nne baadaye katoka mwenyewe. Nikaenda kwake kwa miguu. Alikuwa anapukuchua mahindi.
"Karibu, bosi. Umekuja kupiga picha choo changu?"
Nikasema nimekosa. 
Hakuacha kupukuchua. "Nimefungua kundi langu. Tupo 31. Ukitaka kusikia, nitakuongeza. Kule kwako sirudi. Sikai kwenye nyumba ambayo ufunguo anao mtu mmoja, halafu ana hasira."
Kweli tupu. Imeniuma kwa sababu hiyo.
Nyumbani kwa mama nimechemsha maji mwenyewe, mbele yake, yakatokota, nikayapoza, nikamimina kikombeni. Kasema, "Weka hapo, mwanangu." Hakugusa. Alasiri Mama Zuhura kamletea dumu dogo la maji ya kuchemsha. Kanywa vikombe viwili mfululizo.

Ijumaa, 17 Mei
Mimi ni mtu wa 32.
Foleni 29. Mama kaja. Njia aliyokuwa akiimaliza bila kusimama, leo kapumzika mara tatu. Saa nane nimeunganisha spika.
Mama Zuhura kasema: kuna mama mmoja aliacha kuchemsha kwa sababu aliambiwa mambo salama. Kwamba yeye mwenyewe, Mama Zuhura, akinyamaza, ugonjwa haujanyamaza. Hakutaja jina. La aliyesema pia hakulitaja.
"Ni mimi huyo," mama akawaambia wenzake, akacheka kidogo. Wakacheka naye, wakamshika mabega. Aliyemwambia ni nani, hakuna aliyeuliza. Wote walikuwepo.
Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe cha kuzima. Nimeiacha sauti iishe. Dakika mbili na sekunde kumi.
Nimejaza dumu la chooni. Sabuni nimeifunga kwa kamba.
Jioni nimemsindikiza mama. Alikuwa na chupa ya maji kutoka kwa Mama Zuhura, ameishika kwa mikono miwili. Nikamwomba nimbebee.
Akasema si nzito.