Msiba wa Sanduku la Pinboli

Jumapili, Kibiti. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na mimi sijatoka nje ila kwenda chooni, tena kwa kukimbia.

Wewe uliyefika kwenye ukurasa huu, nakusihi: utakayoyasoma yaishie kwako. Usimtumie rafiki, usimsomee mume wala mke. Kama tunafanya kazi ofisi moja, funga sasa hivi na ujifanye hujaona. Mimi ni karani wa masjala, bado niko kwenye muda wa majaribio, sijathibitishwa kazini, na jina langu tayari limeshatembea mpaka Ruaruke.

Nianze na kilichoniponza.

Kuna mchezo unaitwa pinboli. Ni meza iliyoinama, yenye kioo juu, na ndani yake gololi ya chuma inateremka huku ikigonga kengele na kuwasha taa. Chini kuna vibao viwili vya kuirudisha juu isidumbukie shimoni. Sisi tunaviita mapezi. Meza ya kweli sijawahi kuiona kwa macho yangu. Ninacheza kwenye kompyuta, pamoja na kundi la WhatsApp la watu wanaoanza kujifunza: yuko muuguzi wa Mwanza, yuko mama wa duka wa Tanga, na yuko anayetufundisha, ambaye sote tunamwita Mwalimu kwa kuwa jina lake hajalitaja.

Mafunzo ya mwanzo si mengi. Usipige mapezi yote mawili kwa pamoja. Gololi ikija, inua pezi moja, iache itulie hapo, ndipo uielekeze. Unaweza kuisukuma meza kidogo ubavuni ili kuipotosha gololi, lakini ukizidisha, meza inasusa: taa zinazima, mapezi yanakufa, na gololi inakwenda shimoni wewe ukiitazama.

Mimi napiga yote mawili. Kila mara. Gololi bado iko juu kabisa, mimi huku chini napapatika kama kuku aliyekanyagwa. Mwalimu aliitazama video yangu akaandika, "Ndugu, hiyo ni gololi au ni nyoka?"

Na liko onyo moja limebandikwa juu ya kundi, kabla ya mafunzo yote: anayeanza asijenge sanduku. Waliobobea huchonga sanduku refu la mbao, wakailaza televisheni ndani, wakaweka kioo juu na vitufe ubavuni, mtu akajiona yuko kwenye meza ya kweli. Sisi wengine tubaki na kibodi mpaka mikono ikomae.

Mimi nilijenga sanduku.

Nilijidanganya kwamba tatizo langu ni kibodi. Nikaenda kwa Fundi Selemani, ambaye karakana yake haiko mbali na stendi, nikiwa na vipimo nilivyovipata kundini.

"Urefu?" aliuliza.

Nikaonyesha kwa kiganja, usawa wa kifua changu.

"Na juu liwe na kioo," nikasema.

"Cha usoni tu?"

"Hapana, fundi. Kioo chote, mpaka miguuni."

Akachomeka penseli sikioni. "Mpaka miguuni."

"Ubavuni utoboe matundu, kulia na kushoto. Ya mikono."

"Ya mikono," akarudia, taratibu zaidi.

"Upande wa kichwa uinuke kidogo. Halafu lisimame kwa miguu minne."

Fundi akasogea karibu, akashusha sauti. "Ni la nani, karani?"

Nimesoma mpaka chuo. Nilishindwa kumwambia mtu mzima aliyejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi kwamba ni la kuchezea. Nikatazama chini. Vumbi likaniingia machoni, nikafuta. Nikamwomba asimwambie mtu.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Hili silifanyi kwa plaiwudi. Hili ni la mbao ya mkongo."

Nilidhani ananipa pole ya vumbi.

Mimi ni Mkristo kutoka bara. Kwetu tunazika kwa jeneza, na wengi huweka kioo kidogo ili waombolezaji wauone uso. Majirani zangu hapa ni Waislamu, wao huzika kwa sanda. Mgeni wa bara anayeagiza sanduku lenye kioo, huku anafuta macho na kuomba siri, hana haja ya kuongeza neno. Fundi alimwambia Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wangu, kwa nia njema kabisa. Na Bi Mwanahawa ameiona picha iliyo ukutani kwangu, mimi nimesimama na mama. Mama ananifika kifuani.

Ijumaa mkuu wangu wa kazi, mama Kapinga, aliniita ofisini kwake.

"Nimesikia," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Nikajua amegundua habari za pinboli. "Nisamehe, mama."

"Hakuna la kusamehe. Haya yanamkuta kila mtu."

"Hata wewe, mama?"

"Mwaka juzi."

Sikuamini. Mwanamke ambaye anaweza kukurudishia faili kwa sababu ya mkunjo mmoja! "Ulifanyaje, mama?"

"Nililia. Baadaye nikazoea."

Naapa, hakuna aliyewahi kuuelezea mchezo huu vizuri zaidi. Akanipa ruhusa mpaka katikati ya wiki. Nikatoka nikiwaza kwamba kumbe serikali ina watu.

Jumamosi, yaani jana, niliamka nikakuta Bi Mwanahawa na majirani wanapika uani. Sikuuliza. Yeye huwa na shughuli zake. Alikuwepo kaka yake pia, Mzee Pazi, mkata mikoko wa visiwa vya deltani, amekuja na ndoo ya kamba wabichi. Kisha nikasikia mtaa umenyamaza, nikachungulia dirishani.

Sanduku langu lilikuwa linakuja juu ya guta la mizigo, limefunikwa kanga mpya. Fundi Selemani ametangulia mbele kwa miguu, amevaa kofia yake ya Ijumaa. Madereva wa bodaboda walizima pikipiki. Wazee waliokuwa wanakunywa kahawa walisimama wote. Wanaume walilishusha, wakalitia mabegani, wakaniletea mpaka ndani wakipokezana, ingawa kutoka barabarani ni hatua chache tu.

Bi Mwanahawa akanikumbatia. "Mama yako alikuwa mtu mwema," alisema. Hajawahi kumwona.

Hapo ndipo nilipoelewa yote, mpaka ruhusa ya mama Kapinga. Naye alikuwa mlangoni, amekuja na ofisi nzima.

Ningeweza kusema pale pale. Neno moja tu lingetosha. Lakini niliona kazi yangu inakwenda shimoni, na chumba changu kinaifuata, nikapiga mapezi yote mawili: nikasema "Asanteni," kisha nikalia kweli. Ilikuwa hofu tupu. Wakalia zaidi yangu.

Nikajibanza pembeni nikawaandikia wenzangu wa kundi: "Nimekwama vibaya, nifanyeje?" Mwalimu akajibu, "Iache itulie. Usisukume." Alidhani nazungumzia gololi. Nikatii. Nikaiweka simu juu ya sanduku, nikakaa.

Mama yangu akapiga.

Simu ilikuwa kwenye mtetemo. Mtetemo juu ya sanduku tupu la mkongo unasikika kama mtu anayegonga kutoka ndani, tena mwenye haraka. Chumba kilibaki kitupu. Mzee Pazi, ambaye anakata miti kwenye maji yenye mamba, alitoka kwa kupitia dirishani.

Bi Mwanahawa peke yake hakukimbia. Alisogea, akaiona picha ya mama inawaka kwenye simu, ile ile ya ukutani. Akapokea, akagusa spika.

"Nani mwenzangu?"

"Mama yake. Wewe nani?"

"Mama yake yupi?"

"Kwani huyo ana mama wangapi?"

Bi Mwanahawa akakaa juu ya mkeka. "Uko wapi, dada yangu?"

"Shambani. Magugu yananishinda."

"U mzima?"

"Magoti tu."

Vichwa vilianza kurudi mlangoni, kimoja kimoja. Bi Mwanahawa akanitazama. "Karani. Hili sanduku la nani?"

Nikajaribu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kungoja. Nikavuta pumzi. Kisha nikasema, "Ni langu, bibi. Ni la mchezo."

Nikasikia kamba wanachemka uani.

"Ngoja," alisema mama Kapinga. "Nilipokwambia mwaka juzi nililia, wewe ulielewa nini?"

"Pinboli, mama."

Mwaka juzi alifiwa na baba yake. Nilitamani kuingia sandukuni na kufunga kioo.

Bi Mwanahawa alisimama. "Nimeita watu kutoka Ruaruke. Nimechinja kuku wangu wanaotaga. Nimelia mpaka kichwa kinagonga. Chakula kimeshaiva, hakirudi kuwa kibichi, kwa hiyo mtakula. Na wewe ukifunge hicho kitu tukione. Siwezi kulilia kitu nisichokijua."

Nilifunga televisheni yangu, vitufe na nyaya, Fundi Selemani akinishikia taa. Alipoona yale matundu yake yamekaa sawasawa na vitufe alikohoa kwa kuridhika. Kengele zilipolia, watoto wa mtaa mzima walikuwa dirishani.

Mzee Pazi alianza. Alilisukuma sanduku kama anang'oa kisiki, taa zikazima. "Imekufa?" aliuliza.

"Imesusa, mzee. Umeisukuma sana."

"Heh! Kama mke wangu mdogo."

Hata mama Kapinga alicheza. Gololi ikampita katikati, akaitazama inavyotumbukia. Akanigeukia bila kutabasamu. "Ruhusa yako imekufa badala ya mama yako. Jumatatu saa moja na nusu uwe masjala."

Kuhusu kuthibitishwa hakusema chochote. Alirudi kwenye foleni.

Leo asubuhi nimepeleka picha kundini. Mwalimu ameuliza jambo moja tu: "Nani alikuruhusu kujenga sanduku?" Lakini Bi Mwanahawa ameniamuru nimwingize kundini, na ujumbe wake wa kwanza wa sauti ni swali la kila anayeanza: "Hii gololi ikija katikati kabisa, mtu anafanyaje?" Mwalimu akamjibu kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuipata: "Hapo, bibi, unasukuma kidogo, mengine unamwachia Mungu." Ameridhika. Chumba changu bado ninacho. Sanduku amelihamishia sebuleni kwake, namsikia kupitia ukutani anafanya mazoezi, pezi moja moja, kwa utulivu ambao umenitia wivu.

Kazi sijui. Kesho nitajua.

Kwa hiyo, ukitaka kunipata baada ya hapo, usipige. Tangu jana simu yangu ikilia watu wanatawanyika. Njoo mwenyewe, ushuke stendi ya Kibiti. Usiulizie karani wa masjala, huenda hayupo tena. Mwambie bodaboda akupeleke kwenye jeneza linalolia, hatakuuliza njia. Nyumba utaijua kwa viatu vilivyojaa mlangoni. Na ukimkuta kibarazani mama mfupi anapaka magoti dawa, huyo ndiye marehemu. Amepanda basi leo, anakuja kuwashukuru waliomlilia. Mpe shikamoo, kisha panga foleni nyuma yake.